Nionyeshe Spea Kwanza

Gari yoyote inayobeba watu kwa malipo Unguja na Pemba iwe na tairi la spea, zima, lina upepo, pamoja na jeki na spana yake. Chupa ya dawa ya kuzibia pancha haitoshi. Nayaandika haya nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha.

Wiki iliyopita shangazi yangu alikuwa anarudi Chake kutoka msibani Micheweni. Walikodi Noah, wanawake peke yao na watoto wameshalala. Isha imepita, gari inapishana na lori, tairi la mbele kushoto likateremka kwenye ukingo wa lami na kupanda tena. Hapo hapo likaisha upepo. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akatoa chupa na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, akaimimina dawa yote ndani ya tairi. Ikatokea ubavuni na kuchuruzika barabarani, nyeupe kama tui.

Shangazi akamwuliza, "Spea iko wapi, mwanangu?"

"Nimeiacha nyumbani, bibi. Inakula nafasi ya mizigo. Siku hizi watu wanatumia dawa."

Wakakaa pale mpaka mtu akatoka Chake na gari nyingine kuwafuata. Mmoja wao ana kisukari, na sindano yake ya usiku ilikuwa nyumbani.

Yule kijana simlaumu peke yake. Anayasema aliyoyasikia. Nenda kwenye yadi yoyote ya magari uulize spea, utaambiwa gari imekuja hivyo hivyo kutoka Japani. Na ni kweli, nyingi zinakuja hivyo. Funua zulia la buti utakuta boksi la sponji, ndani yake chupa na kipampu. Watengenezaji waliitoa spea ili kupunguza uzito, mafuta na gharama, na kwenye baadhi ya haibridi, gari za petroli na umeme, betri imeshachukua nafasi yake. Kwao ina maana. Japani tairi likikuishia upepo unaipigia JAF, chama cha wenye magari, na gari ya uokozi inakuja saa yoyote ya usiku na mchana. Chupa ile ilitengenezwa kwa mtu mwenye msaada wa namna hiyo: aziba kidogo, aende polepole mpaka gereji iliyo karibu, basi. Sisi tumeletewa chupa bila ile gari ya uokozi.

Halafu iangalie chupa yenyewe. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Dawa hizi zina muda wake, kwa kawaida miaka minne au mitano. Gari inayofika bandarini Malindi ikiwa imeshatumika miaka kumi, chupa yake ilikufa zamani. Watu wanatembea nayo kwa amani ya moyo.

Lakini hata ingekuwa mpya ya leo asubuhi, ugomvi wangu mkubwa uko kwenye ubavu wa tairi, na hapa naomba mnivumilie.

Dawa ya chupa ni majimaji ya ulimbo wa mpira yenye nyuzinyuzi ndani. Upepo unapotaka kutoka kwenye tundu unaisukuma dawa pale, ikagandamana na kuziba. Inafanya kazi kwa tundu dogo, milimita sita hivi mwisho wake, na liwe kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara. Uso ule ni mnene na chini yake pana mikanda ya nyaya za chuma, kwa hiyo tundu linakaa mahali pake. Ubavu ni mwembamba, una nyuzi tu, na kila gurudumu linapozunguka ubavu unakunjika na kukunjuka. Mpasuko wa ubavuni unafunguka na kufumba mzunguko baada ya mzunguko. Hakuna dawa itakayoganda pale. Hata ile kamba ya mpira yenye gundi inayosokomezwa kwa sindano haikai, na fundi mwaminifu atakwambia tairi lililopasuka ubavuni ni la kutupwa.

Sasa jiulize, barabara zetu zinatoboa tairi wapi? Misumari ipo, hasa mitaa inayojengwa na kuezekwa bati, na misumari ndiyo kazi ya chupa. Lakini ukitoka mjini ardhi yenyewe ni jiwe. Kusini na mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Michamvi, mpaka Matemwe. Pemba nenda Micheweni au Kigomasha. Ni mawe ya matumbawe, yana ncha na makali, na mvua haziyalainishi, zinayachonga tu. Lami inapoishia pana ukingo, na chini ya ukingo jiwe linakungoja. Barabara nyembamba, basi la watalii linakuja katikati, wewe unabana kushoto, tairi linateremka. Jiwe linakata ubavu. Njia za kwenda mahoteli na vijiji vya pwani ndiyo usiseme, ni jiwe tupu. Masika yakija, mashimo yanajaa maji na huoni kingo zake. Ukiingia kwa kasi ubavu unabanwa kati ya rimu na jiwe na unapasuka kwa ndani. Kwa hiyo pancha inayokulaza njiani ndiyo hiyo hiyo ambayo chupa haiwezi.

Wanasema mafundi pancha wapo kila mahali. Wapo, Mwanakwerekwe, Amani, Chake mjini, mchana. Jaribu wakati wa kufuturu Ramadhani, barabara nyeupe, hapiti mtu. Jaribu usiku ukiwa umeushika msitu wa Ngezi kwenda Makangale.

Wanasema pia watu wa kwetu hawamwachi mtu njiani. Hili nalikubali kwa moyo wangu wote. Walipokwama kina shangazi walitoka watu majumbani na taa, wakaleta maji, mzee mmoja akaja na jiwe la kuzuia gurudumu, vijana wakajitolea kuinua gari kwa mikono. Nguvu ilikuwepo, nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni tairi la kufunga. Wangewasaidia kwa lipi?

Mizigo, eti. Begi moja libaki.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba chupa ina wakati wake. Mwanamke aliye peke yake usiku mahali asipopapenda, tairi limechomwa na msumari, afadhali aijaze dawa na aondoke kuliko kupiga magoti kwenye jeki. Mchangani pia jeki inazama. Nunua chupa mpya, iweke, lakini iwe pamoja na spea. Na ukishaitumia mwambie fundi kabla hajalivua tairi, maana ile dawa humrukia usoni na nguoni na humwachia kazi ya kulisafisha tairi zima ndipo alizibe vizuri.

Wenye bodaboda siwagusi, wao hawana pa kuiweka, watembee na viraka na gundi. Ingawa hata hapo nakumbuka vespa. Wazee wetu wa mjini walizipanda na gurudumu la ziada limefungwa kwenye chombo. Aliyeibuni vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na mwaka 1946 ilitoka na gurudumu linaloshikwa upande mmoja tu. Unafungua nati, unalitoa, unatia jingine, na la mbele na la nyuma ni saizi moja. Mtu aliyechora chombo kidogo vile alilipa pancha nafasi katika hesabu zake. Sisi kwenye Noah ya watu wanane tunasema hapana nafasi.

Na spea iwe spea kweli. Nimeziona zimelala chini ya gari tangu zilipotoka bandarini, hazina hata pumzi. Ile spea nyembamba ya muda inataka upepo wa psi 60 kwenye kipimo cha pampu, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na haiendeshwi zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa barabara zetu mwendo huo unatosha kabisa. Isome na umri ubavuni: tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jaribu spana kwenye nati zako ukiwa nyumbani, mchana, na kama kuna nati moja yenye kufuli ujue ufunguo wake umelala wapi. Tia na kipande cha ubao cha kuwekea jeki, pembeni mwa barabara pana mchanga. Gari yako haina shimo la spea? Nunua nyembamba yenye matundu yanayolingana na nati zako, ifunge kwa kamba nzuri nyuma ya kiti cha mwisho.

Askari wakisimamisha gari ya abiria huuliza leseni na bima. Waulize na spea, dakika moja tu, buti lifunguliwe.

Na sisi abiria tusingoje askari. Unapokodi gari ya kwenda harusini, msibani, au kumpeleka mgonjwa hospitali, kabla hujatoa hata shilingi mwambie dereva kwa adabu: nionyeshe spea, kaka, na jeki. Mwenye nayo ataifungua bila maneno. Akikwambia iko nyumbani, mshukuru na utafute gari nyingine.