Kampuni kubwa za muziki na albamu za miaka ya tisini ninazozipenda

Mwaka 1995 bendi ya Marekani ya Jawbreaker ilitoa albamu iitwayo Dear You, na baadhi ya mashabiki wake wa siku nyingi wakaipa adhabu ya pekee. Bendi ilipoanza kupiga nyimbo za albamu hiyo jukwaani, waliketi sakafuni na kuwapa wanamuziki mgongo. Kisa chenyewe ni mkataba. Jawbreaker walikuwa wakirekodi kwa lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki, na mwimbaji wao, Blake Schwarzenbach, alishatamka mbele ya watu kwamba hawatasaini na kampuni kubwa. Kisha wakasaini na DGC, kampuni ile ile ya Nirvana. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Nilipoanza kuupenda muziki huu, posti-hadikoo na roki mbadala, nilikuwa upande wa wale waliogeuza migongo. Niliamini kwamba bendi ikishachukua fedha za kampuni kubwa imekwisha, na ushahidi wangu ulikuwa Jawbreaker. Lakini nikihesabu albamu kumi na mbili za muongo wa 1990 hadi 1999 ambazo sijaacha kuzirudia, sita zililipiwa na kampuni kubwa. Mtu hawezi kuwa na orodha kama hiyo na bado akashikilia imani ile bila kuichunguza upya.

Kwa asiyeufahamu muziki wenyewe: hadikoo ya mwanzoni mwa miaka ya themanini nchini Marekani ilikuwa panki iliyokazwa, nyimbo za dakika moja na nusu zenye kasi na ghadhabu. Posti-hadikoo ilizaliwa pale wapigaji wale wale walipochoka kukimbia huku ghadhabu yao ikiwa bado mbichi. Wakaanza kuacha nafasi kati ya pigo na pigo, kushusha sauti ghafla kisha kuipandisha, na kuyaacha magitaa mawili yabishane badala ya kupiga kitu kimoja. Washington, D.C. ilikuwa kitovu, na Fugazi, iliyoanza mwaka 1987, ndiyo bendi ambayo wengine walipimwa nayo. Roki mbadala ni jina pana zaidi, na baada ya Septemba 1991 likawa pana mno. Mwezi huo Nirvana walitoa Nevermind, na Januari 1992 ikaing'oa albamu ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya Billboard. Tangu hapo kampuni kubwa zikawa zinaingia kila ukumbi mdogo zikitafuta Nirvana nyingine.

Wanaosema fedha zile zilikuwa sumu wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya hesabu. Mwaka 1993 Steve Albini, fundi wa kurekodi wa Chicago, aliandika katika jarida la The Baffler makala iliyochukua bendi ya kubuni, akaipa mkataba wa dola 250,000 na mauzo ya nakala 250,000. Kisha akaanza kukata: studio, prodyuza, wakili, meneja, basi la ziara, video. Kila mwanabendi akabaki na dola 4,031.25, na bado bendi ikawa inadaiwa na kampuni. Nimeisoma hesabu ile mara nyingi nikitafuta mahali alipotia chumvi. Sijapaona. Malipo ya awali yalikuwa mkopo uliovaa nguo za zawadi, na bendi ndiyo iliyoulipa kwa mrabaha wake.

Albini huyo huyo, Februari 1993, aliirekodi In Utero ya Nirvana katika studio ya Pachyderm, Cannon Falls, Minnesota, kwa wiki mbili hivi. Alitoza dola 100,000 mara moja na kukataa mrabaha, kwa sababu aliona mrabaha ni haki ya wanamuziki peke yao. Kampuni haikufurahia ilichosikia, na hatimaye nyimbo mbili zikapelekwa kwa prodyuza Scott Litt kuchanganywa upya. Hapa ndipo mashabiki wengi hupata ushahidi wao kwamba kampuni huharibu. Mimi huwaomba wasikilize mwanzo wa "Scentless Apprentice", wimbo wa albamu hiyo. Dave Grohl, mpiga dramu wa Nirvana, anapiga, na unachosikia si ngoma tu. Unasikia chumba: pigo linafika ukutani na kurudi, na vipaza sauti vilivyowekwa mbali vinaudaka mrudio ule kabla pigo jingine halijafika. Kampuni kubwa ililipia sauti ile, ikailalamikia, na mwisho ikaitoa. Ushahidi huo unakata pande zote mbili.

Dear You pia nimeisikiliza upya. Ilitengenezwa na Rob Cavallo, aliyetoka kuifanya Dookie ya Green Day, na magitaa yamerundikwa safu juu ya safu mpaka maneno ya Schwarzenbach, ambayo ndiyo roho ya bendi, yanakosa pa kupumulia. Kwa hilo naungana na waliolalamika. Lakini waliilaumu pia kampuni kwa sauti yake laini, na hapo waliikosea haki, maana koo lake lilikuwa limefanyiwa upasuaji kabla ya mkataba. Katika orodha yangu imeingia 24 Hour Revenge Therapy ya 1994, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa na Albini, si Dear You. Tofauti ya ubora kati ya hizo mbili, hata hivyo, ni ndogo sana kuliko ukubwa wa adhabu waliyopewa.

Sasa upande wa pili, na hapa nakiri moyo wangu unapiga kwa nguvu zaidi.

Jawbox walitoka Dischord, lebo ya Fugazi, wakaenda Atlantic, kampuni kubwa, na mwaka 1994 wakatoa For Your Own Special Sweetheart. Chukua Novelty, albamu yao ya 1992 waliyoitoa kwa Dischord, kisha weka hii baada yake. Nyimbo za Novelty ni nzuri lakini zimezama kwenye ukungu, kama zinapigwa nyuma ya pazia zito. Katika Sweetheart pazia limevutwa. "Savory" inaanza kwa gitaa linalorudiarudia sauti mbili zilizokaribiana mno hata hazipatani, na kila zikirudi unadhani safari hii zitapatana. Hazipatani. Dramu za Zach Barocas zinaingia pembeni ya pale ulipozitegea, na besi ya Kim Coletta ndiyo inayobeba wimbo wote kama mtu aliyeshika ngazi wenzake wakipanda. Prodyuza alikuwa Ted Niceley, aliyewahi kufanya kazi na Fugazi, kwa hiyo masikio hayakubadilika. Kilichobadilika ni muda. Fedha ya Atlantic ilinunua siku za studio, na siku za studio zikanunua uwezo wa kurudia sehemu mpaka ikae sawa.

Helmet nao walitoa Meantime kwa kampuni ya Interscope mwaka 1992: hapa sina haja ya maelezo marefu. Kiongozi wao, Page Hamilton, alisomea gitaa la jazi, akachukua elimu yote ile akaimimina kwenye kusimama. Vituo vya bendi hiyo, ule ukimya kati ya mapigo, ndivyo vinavyokupiga kifuani. Slip ya Quicksand ya 1993 ilitoka Polydor, na Pony Express Record ya Shudder to Think, ambayo haimo katika kumi na mbili zangu ila inastahili heshima, ilitoka Epic mwaka 1994 ikiwa imepinda kiasi kwamba ni vigumu kuamini kampuni kama ile iliilipia.

Halafu kuna Yank Crime.

Drive Like Jehu walikuwa bendi ya San Diego. Mpiga gitaa wao, John Reis, alikuwa pia kiongozi wa Rocket from the Crypt, bendi yenye nafasi kubwa zaidi ya kuuza, na Interscope walizichukua zote mbili. Kwa ufupi, Jehu waliingia kwenye nyumba ile kama ndugu anayesindikizwa, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyewasumbua. Walichotoa mwaka 1994, hiyo Yank Crime, hakikuwa na hata wimbo mmoja wa kupigwa redioni. "Do You Compute" ina dakika saba na "Luau" inapita tisa. Katika "Luau" magitaa ya Reis na Rick Froberg yanashika kipande kimoja na kukisaga, yanakisaga tena, na kila mzunguko waya mmoja unavutwa kidogo nje ya ufunguo mpaka sauti inaanza kuyumba kama chuma kilichopashwa moto. Froberg anapiga kelele za mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kusikika, lakini haachi. Mara ya kwanza niliuzima wimbo ule katikati. Baada ya wiki moja niliurudia usiku, taa zimezimwa, na tangu siku hiyo hakuna albamu ya muongo ule iliyoipita kwangu.

Mpiga dramu wa Jehu, Mark Trombino, baadaye akawa prodyuza, na mwaka 1999 alishirikiana na Jimmy Eat World kuitengeneza Clarity kwa Capitol. Albamu hiyo inafungwa na wimbo wa dakika 16 ambao sehemu yake kubwa ni sauti za watu zinazozunguka na kupandana taratibu. Capitol waliwalipia dakika zile 16, kisha wakawatema. Albamu iliyofuata bendi iliigharimia yenyewe.

Nikizitazama albamu hizi pamoja, naona kampuni kubwa hazikuwa adui wa sauti kama tulivyodhani. Zilikuwa zimekosea. Zilitafuta Nirvana nyingine katika watu ambao hawakuwa na nia wala uwezo wa kuwa Nirvana, na mpaka zigundue, kanda zilikuwa zimeshajaa. Madhara yalianza baada ya albamu kutoka, pale mauzo yalipokuja chini ya matarajio na deni lile alilolipigia hesabu Albini likaanza kudai. Jawbox wakahamishiwa kwenye tawi dogo la Atlantic, wakatoa albamu moja zaidi mwaka 1996, na 1997 wakaachana. Jehu walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Mtu ataniuliza, na Fugazi je? Wao walikataa kila mkataba wa kampuni kubwa, kiingilio cha maonyesho yao kikawa dola 5 kwa watu wa umri wowote, na mwaka 1995 wakatoa Red Medicine, albamu waliyoisimamia wenyewe na ambayo ni ya ajabu kuliko karibu kila kitu kilicholipiwa na kampuni. Ina wimbo ambao Guy Picciotto, mmoja wa wanabendi, anapuliza klarineti. Kabla ya hapo, kwa In on the Kill Taker ya 1993, walikwenda Chicago kurekodi na Albini, wakasikiliza, hawakuridhika, wakaiacha kazi yote na kuanza upya nyumbani. Uhuru wa kutupa kanda nzima bila kumwomba mtu ruhusa ni utajiri ambao Nirvana, kwa fedha zao zote, hawakuwa nao.

Hoja hiyo naikubali, ila huwa inasemwa nusu. Ian MacKaye wa Fugazi alianzisha Dischord pamoja na Jeff Nelson mwaka 1980, miaka saba kabla ya Fugazi kuanza. Alipokataa mikataba alikuwa na nyumba yake ya kurudi. Kuitaka bendi ya vijana wanne isiyo na lebo wala akiba ifanye kama Fugazi ni kuidai kitu ambacho Fugazi wenyewe walikijenga kwa muda mrefu. Tena lebo ndogo haikuwa kinga. Refused wa Umeå, Sweden, walitoa The Shape of Punk to Come mwaka 1998 kwa Burning Heart, lebo huru, na mwaka huo huo wakavunjika katikati ya ziara ya Marekani. Onyesho lao la mwisho lilikuwa katika chumba cha chini ya nyumba huko Harrisonburg, Virginia, na polisi walilikatiza.

Mahali ambapo lebo ndogo zinashinda bila ubishi ni katika umiliki, na hili ndilo ninalotamani lingejadiliwa zaidi kuliko usaliti. Albamu za Fugazi bado zinauzwa na lebo ile ile iliyozitoa. Dear You ilipotea madukani mpaka mwaka 2004, ilipotolewa upya na lebo ya mpiga dramu wa Jawbreaker, Adam Pfahler. For Your Own Special Sweetheart ilirudi Dischord mwaka 2009, miaka 15 baada ya kutoka Atlantic. Yank Crime ilitolewa tena na Swami, lebo ya John Reis mwenyewe. Katika mambo yote matatu wanamuziki walilazimika kwenda kuikomboa kazi waliyoifanya kwa mikono yao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Jawbox walikosea kusaini, nitamjibu kwamba walipata albamu ambayo wasingeweza kuipata vinginevyo, na walilipa kwa miaka 15 ya kutokuwa nayo. Kama ningekuwa mimi ningesaini. Na wale walioketi sakafuni mwaka 1995, nadhani baadhi yao walikuwepo Chicago Septemba 2017, Jawbreaker waliporudi jukwaani katika tamasha la Riot Fest. Bendi ilipiga na nyimbo za Dear You. Watu walikuwa wamesimama, nyuso zao zikitazama jukwaa.