Naruto: Wahusika Walioizidi Hadithi Yao

Msomaji aliyemaliza sura zote 700 za Naruto, hadithi ya katuni ya Kijapani (manga) kuhusu kijana ninja mwenye jina hilo, na bado akasema kwamba anaipenda huulizwa na wenzake: unawezaje kuipenda hadithi iliyojipinga yenyewe? Swali hilo ni la haki. Masashi Kishimoto alianza kuichapisha katika jarida la Weekly Shonen Jump nchini Japani mwaka 1999 na kuihitimisha Novemba 2014, na katika miaka hiyo 15 wazo lililoibeba mwanzoni lilidhoofika kiasi kwamba hata sisi tunaoipenda hatuwezi kulifumbia macho. Wengi hujibu kwamba wanaipenda kwa ajili ya wahusika. Nami najibu hivyo hivyo, ila naamini jibu hilo lina mipaka.

Wazo lenyewe, kwamba juhudi zinaweza kuishinda nasaba, linajitokeza waziwazi katika pambano la Naruto na Neji Hyuga kwenye mtihani wa chunin, yaani wa kupandishwa daraja la ninja. Neji amezaliwa katika tawi la ukoo ambalo watu wake hupigwa chapa kwenye paji la uso ili walitumikie tawi kuu, na baba yake alikufa badala ya pacha wake aliyekuwa mkuu wa ukoo. Haishangazi basi kwamba anaamini mtoto wa nyoka ni nyoka: aliyezaliwa dhaifu atakufa dhaifu. Anayempinga ni Naruto, yatima aliyefeli mara tatu mtihani wa kuhitimu kwa sababu ya mbinu ya kujigawa nakala, mbinu ambayo hakuiweza kabisa. Anamwangusha Neji kwa nakala hizo hizo, na kumwahidi kwamba atakapokuwa Hokage, yaani mkuu wa kijiji chao cha ninja, ataubadili ukoo wa Hyuga.

Miaka mingi baadaye tunaelezwa kwamba yatima huyo ni mwana wa Hokage wa Nne, na kwamba amezaliwa upya kutoka kwa Asura, mwana wa Mzee wa Njia Sita ambaye mafunzo yake ndiyo chimbuko la elimu ya ninja. Neji, kwa maneno mengine, hakuwa amekosea sana. Wapo wanaoitetea hadithi wakikumbusha kwamba mbweha wa mikia tisa, zimwi lenye nguvu nyingi, amefungwa ndani ya Naruto tangu sura ya kwanza, na kwamba urithi huo ndio uliomfanya atengwe na kijiji kizima, kwa hiyo haukuwa upendeleo. Hoja hiyo ina uzito kuhusu mbweha, lakini haimgusi Asura. Mbweha alimpa Naruto nguvu na upweke kwa pamoja, hali Asura alimpa nguvu tupu, tena wakati ambapo hadithi ilimhitaji ashinde.

Pamoja na hayo, kuna Rock Lee, ninja kijana wa kijiji hicho hicho. Hana uwezo wa ninjutsu (mbinu za kininja) wala genjutsu (mazingaombwe). Alicho nacho ni mwili wake na mazoezi. Katika raundi ya mchujo ya mtihani ule ule anamkabili Gaara, ninja anayepigana kwa mchanga, anavua vizito alivyokuwa amevifunga miguuni, anafungua milango mitano kati ya minane ya mwili wake, yaani vizuizi vya nguvu za ndani, na anashindwa. Mkono na mguu wake wa kushoto vinasagwa na mchanga. Kisha anasimama tena tayari kupigana, na mwalimu wake Guy, anapomkaribia ili amzuie, anagundua kwamba kijana amezimia akiwa wima. Hakuna siri ya ukoo iliyofichuliwa baadaye ikaharibu ukurasa ule. Lee alibaki Lee hadi mwisho, na wazo ambalo hadithi ililiachia njiani likabaki salama kwake.

Shikamaru naye ni wa aina hiyo. Tunamfahamu kwanza kama mvivu anayelalamikia kila kazi, na kwa muda mrefu tunamwona akicheza shogi, mchezo wa ubaoni unaofanana na sataranji, pamoja na mwalimu wake Asuma. Asuma anapouawa, mchezo huo unageuka kuwa kilio na kisha mpango wa kisasi. Na mfalme ambaye Asuma alikuwa akimfumba katika mazungumzo yao anadhihirika kuwa ni watoto wa kijiji ambao bado hawajazaliwa. Huzuni hiyo isingepatikana katika hadithi fupi. Ilihitaji miaka ya msomaji kukaa na watu hawa wiki baada ya wiki, na ratiba hiyo hiyo ya kila wiki, isiyomwachia mwandishi nafasi ya kurudi nyuma na kurekebisha alichokwisha kuchapisha, kwa maoni yangu ndiyo iliyoifanya vita ya mwisho irefuke kupita kiasi na kumleta Kaguya kama adui mkuu wakati hadithi ilikuwa karibu kufungwa. Wema na kasoro vilitoka kiwandani pamoja.

Lakini utetezi wa wahusika unakwama kwa wanawake. Tenten yuko katika kikosi kimoja na Lee na Neji, na baada ya sura zote hizo hatujui anaumizwa na nini. Sakura, mwenzake Naruto kikosini, anafundishwa na tabibu mashuhuri Tsunade hadi kuwa tabibu hodari na mpiganaji mwenye nguvu za kutisha, lakini hadithi inamrudisha mara kwa mara kwenye mapenzi yake kwa Sasuke, mwenzao wa kikosi, kana kwamba hana jingine la kutaka duniani. Anayesema anaipenda Naruto kwa wahusika wake hawezi kuihesabu kasoro hii kuwa ya njama tu. Ni kasoro katika kitu kile kile anachokisifia, nami sina utetezi wake.

Neji ndiye anayeniuma zaidi. Anakufa vitani akiwakinga Naruto na Hinata, binamu yake wa tawi kuu, na chapa ya paji lake inafutika kwa sababu amekufa, si kwa sababu ukoo umebadilika. Naruto anakuwa Hokage, na katika kurasa zinazofuata hatuoneshwi ahadi ile ikitimizwa. Nimemsamehe Kishimoto mengi, Kaguya akiwemo, lakini hili bado sijamsamehe, kwa kuwa ni yeye aliyenifanya nimjali Neji kiasi cha kuendelea kuisubiri ahadi hiyo hadi ukurasa wa mwisho.