Mji wa bustani si miche tu
Kuna mwandishi kadai eti makazi mapya ya Dodoma yatakuwa "mji wa bustani" kila mwenye kiwanja akipanda miti. Hapo kaanzia mwisho. Ebenezer Howard, Mwingereza aliyetoa wazo hili mwaka 1898, alianza na ardhi: iwe mali ya jumuiya, na kodi ya pango lake irudi kugharamia huduma za hapohapo. Mji wa Letchworth, Uingereza, ulianzishwa hivyo mwaka 1903. Na hata hiyo miti, huku kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Panda mche mwezi wa Mei bila maji uone (ukipona jua, mbuzi wapo). Mtaani kwangu, pembezoni mwa mji, eneo la wazi lililo kwenye ramani sasa ni gereji na tanuri la matofali, maana halina msimamizi wala fungu la kulitunza. Shule na soko navyo viko mbali, kila safari ni bodaboda, wakati mpango kabambe wa mji wa Dodoma wa 1976 uliwaza watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi. Wenzangu wa Iyumbu na Kisasa hapa Dodoma, eneo la wazi la kwenu analitunza nani, na kwa hela ya nani?