Bwawa la kijani Malindi
Mwandishi wa makala ya utalii niliyoisoma anatuhimiza Wakenya tuzuru Malindi, mji wa pwani uliozoea watalii wa Italia, badala ya kungoja Waitaliano hao warudi. Haya, mimi nilizuru Desemba. Jina la hoteli nalihifadhi. Kwenye picha bwawa lilikuwa la samawati. Nililolikuta ni la kijani, chura katulia kwenye ngazi kama mgeni aliyelipia. Feni ilizunguka mara mbili ikazima. Chandarua kina tundu la kupita ngumi, wameliziba kwa plasta ya kidonda! Mama wa usafi akaniambia hawajalipwa miezi mitatu, hata hasira nikaikosa. Makuti yanavuja, chumvi imekula mabomba, na bei bado ni ile ya enzi za ndege za kukodi kutoka Italia. Hapo ndipo mnapomwitia mtalii wa ndani?