Nani Alikwenda Kuandikisha Kifo Chake?

Jina la baba: halijulikani. Jina la mama: halijulikani.

Nilipokishika cheti cha kifo cha babu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, macho yalitua kwenye mistari hiyo miwili na nikapandwa na hasira. Baba yake halijulikani jina vipi? Ndilo jina la ukoo tunalolibeba sote mpaka leo. Mtu mwenye kwao, mwenye kaka na dada, ameandikwa kama mtoto aliyeokotwa njiani.

Habari zake nyumbani zilikuwa fupi. Aliondoka akiwa kijana, akatuma barua mbili tatu, akanyamaza. Ukiwauliza wazee walikuwa na neno moja: "Alipotea." Walilisema kwa sauti ya kukukataza usiendelee, na chini yake ilikuwepo hukumu ambayo hata sisi watoto tuliisikia, kwamba aliyewatupa watu wake lazima alikufa hana mtu. Nimekua na hukumu hiyo. Cheti kimeivunja, ingawa haikuwa mara ya kwanza nilipokisoma, wala ya pili.

Tatizo ni namna tunavyovisoma vyeti hivi. Wanaochora mti wa ukoo huchukua tarehe, wakaiweka chini ya jina, wakahamia kwa anayefuata. Wengine hukimbilia ugonjwa, maana kila ukoo una maradhi unayoyahofia. Mimi siku hizi naanzia kule ambako wengi hawafiki: jina la mtoa taarifa, yaani aliyekwenda kuandikisha kifo, anuani yake, na uhusiano wake na marehemu. Cheti cha kifo kinafanana na cheti cha kuzaliwa kwa jambo moja, kwamba mhusika mwenyewe hakuulizwa neno. Kila kilichomo kimesemwa na mwingine. Sasa utakiaminije kabla hujajua nani alisema?

Chukua cheti cha mtu ambaye dunia nzima ilimjua. Septemba 2022 Scotland ilitoa hadharani kumbukumbu ya kifo cha Malkia Elizabeth wa Pili. Magazeti yalishika saa ya kifo, saa 9:10 alasiri, na chanzo chake, ambacho kiliandikwa kwa neno moja tu, uzee. Lakini karatasi ileile inaonyesha kwamba alifia Balmoral ilhali makazi yake ya kawaida yameandikwa Windsor, na kwamba aliyetoa taarifa ni bintiye, Anne. Hata kama hujui lolote kuhusu familia ile, tayari una vitu viwili: alifia mbali na nyumba aliyoandikiwa kama makazi, na mwanawe mmoja alibeba kazi ya kusema na msajili.

Mahali pa kufia na makazi ya kawaida ni vitu viwili, na anayevichanganya hupotea. Mtu anaweza kufia hospitali ya mji ambao hakuwahi kuishi hata siku moja. Anuani nayo hudanganya: mtaa na namba vinaweza kuonekana kama nyumba ya mtu, kumbe palikuwa hospitali au makao ya wazee. Ukipata anuani, itafute peke yake, uone mwaka ule palikuwa na nini.

Kwa babu mdogo nilifanya hivyo. Makazi yake ilikuwa nyumba ya kawaida ya kupanga. Mtoa taarifa ni mwanamke mwenye jina ambalo kwetu halijawahi kutajwa. Uhusiano na marehemu: rafiki. Anuani yake ni ileile ya marehemu.

Basi nikairudia ile mistari miwili iliyoniudhi. Neno "halijulikani" lina maana pale tu ambapo swali liliulizwa. England na Wales zilipoanza kusajili vifo, Julai 1837, fomu haikuwa na nafasi ya wazazi wa mtu mzima. Scotland ilianza baadaye, mwaka 1855, ikauliza jina la baba na la mama, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Kwa hiyo cheti cha England cha wakati ule kisicho na wazazi hakikuambii chochote juu ya marehemu. Kinakuambia juu ya fomu. Lakini pale msajili alipouliza na mtoa taarifa akasema sijui, hilo ni jibu. Mwanamke huyu alijua anakoishi marehemu, kazi yake, takriban umri wake. Wazazi wake hakuwajua. Ina maana babu mdogo aliishi naye nyumba moja bila kumtajia sisi ni nani, au alimtajia na yeye akaona heri aseme sijui kuliko kukosea mbele ya karani. Nimelipima kila upande na siwezi kuchagua. Ila hasira ile haina tena pa kukaa, kwa sababu aliyesema "sijui" ndiye aliyekwenda.

Tena kuna sehemu ya daktari. Fomu inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina mpangilio ambao wengi hawausomi ipasavyo. Mstari wa juu ni kile kilichomuua mtu mwishoni. Chini yake ni kilichosababisha hicho, na chini tena kilichosababisha hicho kingine, hadi unapofika kwenye chanzo cha msingi. Maradhi mengine yaliyochangia tu huandikwa pembeni, katika sehemu ya pili. Kwa hiyo simulizi ya ugonjwa husomwa kutoka chini kwenda juu. Na mkabala na kila mstari kuna nafasi ndogo ambayo kwangu ni dhahabu: muda kati ya kuanza kwa ugonjwa na kifo.

Chake kilisema hivi. Juu: nimonia, siku 4. Chini yake: kiharusi, miaka 2.

Nilikaa na hizo namba mbili jioni nzima. Ukiona "nimonia" peke yake unafikiri mtu aliugua wiki moja akaondoka. Lakini miaka 2 ya kiharusi ni maisha. Ni kunyanyuliwa, kuogeshwa, kulishwa, kusubiriwa amalize neno moja. Sijui kiharusi chake kilikuwa kikali kiasi gani, cheti hakisemi, na vipo viharusi ambavyo mtu huinuka navyo akatembea. Lakini mgonjwa wa namna hiyo kumaliza miaka miwili kwenye nyumba ya kupanga, halafu anayeishi naye ndiye anayekwenda kwa msajili, hiyo si picha ya mtu aliyekufa hana mtu. Nilitaka hata kudai kwamba alitunzwa vizuri kwa kuwa hakuna mahali palipotajwa vidonda vya kulala. Nikajizuia. Daktari kutoandika kitu si ushahidi kwamba hakikuwepo, na hamu ya kumtetea ndugu ni hatari kama ile ya kumhukumu.

Kwa wanaotaka kujaribu: omba nakala kamili. Baadhi ya sehemu kuna nakala fupi inayotosha benki na mirathi, na huko hutaona mtoa taarifa wala ule muda wa ugonjwa. Usitafute jina kwa tahajia mliyoizoea pekee. Karani aliandika alichosikia, na la kwetu lilikuwa limeongezwa silabi, ndiyo maana lilinipita mara mbili. Umri uuamini kwa kiasi, hasa ukiishia na 0 au 5, maana hapo mara nyingi mtu alikadiria. Na kazi iliyoandikwa huenda siyo aliyokuwa akifanya mwishoni. Marekani, kwa mfano, fomu hutaka kazi aliyoifanya mtu sehemu kubwa ya maisha yake, hata kama alistaafu zamani. Mambo anayoyajua daktari na mambo aliyoyasikia karani yako kwenye karatasi moja, lakini hayana uzito mmoja.

Wapo watakaotafuta wakakosa kabisa, na wasijilaumu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema vifo 4 kati ya 10 duniani havisajiliwi. Kwa hao kitabu cha makaburi huweza kusaidia, au daftari la hospitali. Kilichotangulia bahati yangu ni mtu kufunga safari hadi kwa msajili, akasimama mbele ya dawati na kujibu maswali kuhusu mwanamume ambaye kisheria hakuwa wake.

Niliwasomea wazee cheti hicho. Mmoja alisema, "Kumbe alikuwa na mke huko." Nikamwambia imeandikwa rafiki. Akasema rafiki gani anamlea mtu miaka miwili. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wao sasa, hakusema kitu kwa muda, kisha akaniomba nimsomee tena jina la yule mama. Nikamsomea. Akalirudia polepole, akakosea silabi ya mwisho, nikamrekebisha.

Sasa namtafuta mwanamke huyo. Kwa umri aliokuwa nao lazima amekwisha kufariki, na nikipata cheti chake nitaangalia kwanza pale chini, nani alikwenda kwa ajili yake. Kama ni mwanawe, huenda yupo mtu ambaye alimwona babu mdogo akiwa mzee, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Fomu ya kuomba nakala nimeijaza karibu yote. Imebaki nafasi moja inayouliza uhusiano wangu na marehemu. Niliandika "ndugu", nikafuta, kwa sababu sivyo ofisi inavyolielewa neno hilo. Niliandika "rafiki", nikafuta pia, maana hatukuwahi kuonana. Karatasi imeanza kuchakaa pale ninapofutafuta, na bado iko mezani.