Sisti za viazi: maikroskopu au PCR?

Tangu 2015 ilipotangazwa kwamba nematodi ya sisti ya viazi (kinyoo kidogo sana cha udongo kinachoshambulia mizizi), Globodera rostochiensis, iko Nyandarua, Kenya, na 2018 ndugu yake Globodera pallida akaripotiwa pia, kazi ya kutambua hivi vidude imekuwa ya pesa kabisa, manake shamba la mbegu likipatikana nazo hizo mbegu haziuziki kama mbegu. Na sisti yenyewe, yaani mwili mkavu wa nematodi jike aliyekufa, ni kitu cha nusu milimita hivi, kahawia, mviringo, ndani mna mayai mia kadhaa yanayoweza kungoja miaka 20 na zaidi mpaka mizizi ya kiazi ipite karibu.

Sasa, uitambue kwa macho ama kwa DNA, yaani PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA mpaka kionekane?

Wa maikroskopu wana hoja nzito. Udongo unakaushwa, unaoshwa, sisti zinaelea na kunaswa kwenye chekecheo, kisha unakata ile sehemu ya nyuma ya sisti na kuhesabu mikunjo iliyo kati ya njia ya haja na ya uzazi. Rostochiensis kwa kawaida huwa na mingi, zaidi ya 14, na ile rasio ya Granek (umbali kati ya njia hizo mbili ukigawanywa kwa upana wa tundu la njia ya uzazi) inapita 3, pallida iko chini yake. Vifaa ni vichache, na jicho linaona hata kitu ambacho hukukiuliza, mfano sisti yenye umbo la limau hiyo ni Heterodera, jamii nyingine ya nematodi za sisti, na unaiweka kando palepale. Lakini jamani, namba zinaingiliana, sisti kuukuu zimechakaa hadi ile sehemu ya kupima haipo, na shamba moja likiwa na spishi zote mbili unaweza kupima tano ukaikosa ya sita. Na watu wanaojua kuzisoma vizuri hawajai matatu.

PCR nayo inatenganisha hizi mbili siku hiyohiyo, hata kwa kinyoo kimoja kidogo. Ila inajibu tu ulichouliza, praima (vile vipande vifupi vya DNA vinavyotafuta spishi fulani) ukiziweka za spishi mbili ya tatu inaweza kupita kimya, reajenti nyingi zinatoka nje, na pia mayai yaliyokufa bado yanaweza kuwa na DNA, kwa hiyo "ipo" ya PCR si lazima iwe "iko hai". Hiyo mtu wa karantini anatakiwa kuijua kabla hajamfungia mkulima shamba.

Kwa nini spishi iwe ishu kubwa hivyo? Angalia Uingereza. Aina ya kiazi ya Maris Piper ilitoka 1966 ikiwa na jeni la H1 linalozuia rostochiensis, wakulima wakaipenda, ikapandwa kila mahali, na pallida ambayo H1 haiisumbui ikabaki na uwanja peke yake, leo ndiyo inayowatesa. Kwetu rostochiensis ndiyo imetapakaa, pallida ni kidogo sana. Ukiita pallida rostochiensis, halafu ukamshauri mkulima aache aina ya Shangi apande aina yenye H1, umeilisha.

Mimi naona maikroskopu ichuje zote, PCR ikate kesi za mashamba ya mbegu na kila sisti yenye rasio ya katikati. Ila kusema kweli ugomvi huu unaficha tatizo lenyewe, ambalo ni sampo. Sheria ya Ulaya inataka mililita 1500 za udongo kwa hekta, kutoka sehemu zisizopungua 100, kwa sababu sisti zinakaa kwa mabaka, hapa nyingi, hatua kumi mbele hakuna. Ukichota koleo tatu mlangoni mwa shamba hakuna mashine itakayokuokoa.

Wapo wanaosema karantini imepitwa na wakati, kwamba sisti zimeshasambaa na magunia yenye matope na gambuti za vibarua, afadhali hela ziende kwa wakulima, kwenye aina sugu na zile karatasi za nyuzi za mgomba za kufungia mbegu. Kwa rostochiensis wana nusu ya ukweli. Kwa pallida siwakubalii, hiyo bado inaweza kuzuiwa, mradi mtu aitambue ilipo kwanza.