Damu ya mzee, na kosa la kupata rangi yenyewe

Nina sanduku la spana la marehemu baba. Nje limechubuka mpaka bati linaonekana, lakini ukifunua kifuniko, upande wa ndani kuna rangi ya damu ya mzee ambayo jua halijawahi kuigusa. Baba alikuwa fundi karakana ya reli Morogoro, na rangi ile ilikuwa mabaki ya kopo la Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika 1977. Magarimoshi makubwa ya mvuke yaliyokuwa yakipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi yalivaa rangi hiyohiyo. Mwaka jana nikaamua na kichwa changu cha treni ya dizeli kiivae.

Kichwa chenyewe ni cha mezani, urefu wake sentimita 23 hivi. Ni mfano wa dizeli ya Kimarekani ya ekseli sita, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nilikipata kikiwa kimeshatumika: ngazi moja imevunjika, vishikio viwili havipo, ubavuni jina la kampuni ya reli ya huko kwao. Wajuzi watanisuta kwa mambo mawili. La kwanza, rangi ya mvuke kwenye dizeli ya aina hii. Sawa, reli ni yangu, ratiba ni yangu. La pili ni zito zaidi. Njia yake ina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha mara 87 unapata milimita 1,435, yaani SGR kamili. Reli ya kati aliyoitumikia baba ni milimita 1,000, kwa hiyo njia yangu ilipaswa kuwa milimita 11.5 tu. Kichwa changu kimesimama miguu imepanuka kama mtu anayevuka mtaro. Hapo nimefumba jicho moja, na ndiyo maana sitaki mtu aniambie habari za usahihi kwenye rangi.

Maana kwenye rangi, usahihi ndio ulioniponza.

Nilibeba kifuniko cha sanduku mpaka Kariakoo, kwenye duka linalochanganya rangi za gari kwa kompyuta. Kijana akaweka kifaa chake juu ya bati, akasoma, akapima, akatikisa. "Hii ndiyo yenyewe, mzee wangu, hata aliyeipaka mwanzo hawezi kubisha." Akadondosha tone kwenye kifuniko, likakauka, likapotea. Kweli hukuliona. Nikalipa nikiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa urithi.

Nikapuliza. Mchana, karibu na dirisha, ilipendeza. Usiku nikawasha taa ya sebuleni, nikakuta kichwa cheusi. Kimekuwa kama kipande cha mkaa chenye magurudumu, matundu ya feni hayaonekani, mistari ya milango imemezwa. Rangi ni ileile iliyosomwa kwa mashine, na jicho langu linaikataa.

Nilichukua muda kuelewa. Ukikaa na mfano huu umbali wa nusu mita, ni sawa na kusimama zaidi ya mita 43 kutoka kwenye kichwa halisi. Nenda kasimame umbali huo pale reli inapokatiza Buguruni, saa nane mchana. Kati yako na treni kuna vumbi, kuna joto linalotetemesha hewa, na kuna jua linalopausha kila kitu. Rangi ya kopo huioni kabisa, unaiona baada ya kupita kwenye yote hayo. Mezani hakuna jua wala vumbi, na kitu kidogo siku zote huonekana cheusi kuliko kikubwa cha rangi hiyohiyo. Anayepaka rangi ya kopo kama ilivyo anapaka kitu ambacho hakuna abiria aliyewahi kukiona.

Basi nikaififisha. Kwa haraka zangu nikatia nyeupe. Msichana wa dada yangu, ana miaka tisa, akachungulia kibarazani: "Mjomba, umepaka lipstiki?" Alikuwa na haki. Nyeupe ikiingia kwenye damu ya mzee inazaa waridi. Dawa yake ni krimu, kidogo kidogo, na tone la kahawia. Nilijaribu kwenye vifuniko vya chupa za maji, kumi na moja kwa hesabu, nikavipanga chini ya taa ya sebuleni maana ndiko kichwa kitakakoishi. Kilichoshinda ni cha saba. Ukikiweka kando ya sanduku la baba utasema ni rangi mbili zisizojuana.

Kupaka upya kulinilazimu kuvua rangi zote, na hapo niwaonye: tina ya gari msiisogeze karibu na plastiki. Mimi nilijaribu kwa ndani, mahali pasipoonekana, plastiki ikalainika kama ubani. Nikahamia spiriti, nikaloweka bodi, nikasugua na mswaki wa zamani. Ilichukua siku mbili lakini milango ilibaki na bawaba zake.

Unene nao ni balaa. Tabaka lenye unene wa karatasi ya daftari ni sehemu ya kumi ya milimita. Kwenye kichwa halisi hiyo ni karibu sentimita nzima ya rangi! Ribiti zote zinazama. Ndiyo maana nikaacha kopo la kupuliza nikaazima bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa kwa jirani yangu, mama mpamba keki. (Niliirudisha safi. Hata hivyo aliinusa kwanza.) Tabaka nne nyembamba, kila moja ukiipuliza unahisi hujafanya kitu.

Vishikio nimevikunja kwa waya wa shaba niliouchuna kwenye kipande cha nyaya za umeme. Sina la kujivunia hapo, kimoja kimepinda.

Kisha nikakichafua, na hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Wao wanataka king'ae kama gari la harusi. Mimi sijawahi kuona dizeli ya kazi ikang'aa namna hiyo ikitoka Pugu. Nilisaga mkaa wa jikoni, nikaupitisha kwenye kitambaa, nikaupapasa kwa brashi laini kuzunguka ekzosi na kuuburuta nyuma, upande moshi unakolalia. Kwenye bogi, yaani fremu za chini zinazobeba magurudumu, nikaweka unga wa chaki ya kahawia, maana vumbi la breki hukaa chini halipandi dirishani. Anayenyunyiza uchafu kila mahali kwa usawa hajawahi kutazama treni. Afadhali aache king'ae.

Namba nilibandika kwa stika za maji, na hizo zinataka klia (vanishi isiyo na rangi) inayong'aa kwanza, la sivyo hewa inanasa chini yake na kuacha weupe. Baada yake ndiyo inakuja klia isiyong'aa ya kufunika kila kitu. Nimepuliza upande mmoja tu. Ilikuwa jioni, masika imeshaanza, hewa imelowa, na klia ilipokuwa ikikauka ikapoa na kunyonya unyevu. Kwa nusu saa nzima nikatazama ukungu mweupe ukipanda juu ya namba 77.

Ukungu umekwanguka kiasi, unaonekana ukijua pa kutazama. Upande wa pili bado unang'aa. Nimekifunika kwa ndoo ya plastiki juu ya kabati, sanduku la baba kando yake, na kila asubuhi natoka kibarazani kutazama mawingu upande wa bahari.